Mji Mmoja, Vilima Vingi: Kisii Katika Jicho la Kamera

Picha ya Kisii inayopendwa kuliko zote hupigwa kutoka Manga, kwenye ukingo wa mwamba upande wa kaunti jirani ya Nyamira. Mji huonekana umelala bondeni, ghorofa zimebanana, migomba na mashamba vikiuzunguka. Nairobi ilisubiri hadi 1973, jumba la mikutano la KICC lilipofunguliwa, ndipo ikapata mnara wa kuutambulisha mji na wa kuutazama kutoka juu. Kisii haikuhitaji mnara, kwa kuwa vilima vilikuwepo tangu zamani. Hata hivyo, picha ya kilimani ikiachwa peke yake hutupa nusu tu ya historia ya mji huu.

Kuutazama mji kutoka juu kulianza na utawala. Waingereza waliweka boma hapa mwaka 1907, na wenyeji wakapaita Bosongo, yaani kwa Wazungu. Januari 1908 Otenyo, mpiganaji wa Abagusii, wenyeji wa hapa, alimchoma mkuki ofisa wao, Geoffry Northcote, na wanajeshi wakaletwa kuwaadhibu Abagusii. Tarehe 12 Septemba 1914 Waingereza na Wajerumani walipigania mji huu, na katika nchi ya miinuko kama hii aliyeshika kilima ndiye aliyeliona boma. Baada ya 1945, ndege za kijeshi za Uingereza zilipiga picha za anga nchini Kenya ili ramani zichorwe. Katika picha za namna hiyo huonekana mapaa, njia na mipaka ya mashamba. Sura za watu hazimo.

Ukishuka hadi soko la Daraja Mbili na kuielekeza kamera juu, mji hugeuka. Ndizi zimepangwa chini kwa mafungu. Nyuma yake nyumba zimepandana mtelemkoni, nguo zimeanikwa kwenye roshani. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 957 kwa kila kilomita ya mraba katika Kaunti ya Kisii, na 675 katika Nyamira. Kutoka Manga msongamano huo hufunikwa na kijani cha mashamba. Hapa sokoni unaeleweka: ardhi imegawanywa vipande vidogo kwa warithi wengi, na mji umebaki na njia moja, kwenda juu.

Wapo watakaosema picha ya sokoni ni ya siku moja na kona moja, na kwamba ukuaji wa mji hupimwa kutoka juu tu. Ni kweli, na ndiyo sababu Manga isiachwe. Lakini kipimo hueleza mji umefika wapi, hakielezi unaishije. Wengine watasema simu zimekwisha kuifanya kazi hii. Picha ni nyingi, ila isiyo na tarehe wala mahali ilipopigwa haiwezi kulinganishwa na nyingine. Kaunti za Kisii na Nyamira zichague vituo vichache, Manga, kilima cha Nyanchwa na Daraja Mbili, kila kimoja kipigwe picha kila mwaka na tarehe iandikwe. Kizazi kijacho kitastahili kuona bonde lilivyojaa, na pia waliolijaza.