Historia ya Mahojiano ya Utafiti Katika Bonde la Mto Tana

Utambulisho, yaani namna mtu anavyojitaja na anavyotajwa na wenzake kuwa wa kundi fulani, umechunguzwa kandokando ya Mto Tana, nchini Kenya, kwa zaidi ya karne moja, na njia kuu imekuwa mahojiano, ambayo ni mazungumzo yenye mpango ambamo mtafiti huuliza na mhojiwa hujibu. Kutoka Ngao na Garsen hadi Galole, majibu yaliyoandikwa yalimtegemea muulizaji karibu sawa na yalivyomtegemea mjibu.

Ferdinand Würtz wa Misheni ya Neukirchen ya Ujerumani, aliyefika Ngao mwaka 1887, hakuwa mwanasosholojia, lakini kamusi yake ya Kitikuu na Kipokomo iliyotoka mwaka 1895 isingepatikana bila kuwauliza wenyeji neno baada ya neno. Watu waliokuwa na majina yao ya karibu, kama Buu, Ngatana na Zubaki, walimfikia msomaji wa mbali chini ya jina moja la lugha, Kipokomo. Mwaka 1952 Mholanzi A.H.J. Prins aliwapanga Wapokomo katika kitabu kimoja na Wanyika na Wataita. Mpangilio wa aina hiyo, inafaa kusemwa, uliifaa zaidi ofisi ya mkuu wa wilaya kuliko wanakijiji.

Mtafiti Robert Bunger aliichunguza dini katika kitabu chake cha mwaka 1973 kuhusu kuenea kwa Uislamu miongoni mwa Wapokomo wa Juu. Uchunguzi wa namna hiyo una ugumu wake, kwa kuwa anayeulizwa babu zake walisilimu vipi hujibu akiwa tayari ni Mwislamu, na simulizi ya jana hupita katika imani ya leo. Miaka minne kabla yake, Mnorwe Fredrik Barth alikuwa amehimiza wataalamu wachunguze mipaka baina ya makundi badala ya kuorodhesha mila za kila kundi. Wardei wanaonyesha uzito wa hoja hiyo: asili yao ni ya Kioromo kama ya Waorma, lakini wengi wao waliishi kwa muda mrefu miongoni mwa Wasomali na kuizungumza lugha yao, hivyo swali moja la kabila haliwezi kuibeba historia yote hiyo.

Jean Ensminger, Mmarekani aliyeanza utafiti miongoni mwa Waorma wa Galole mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuchapisha kitabu mwaka 1992, aliongeza baadaye njia nyingine juu ya mahojiano. Washiriki walipewa fedha halisi, kila mmoja akaamua kwa siri aweke kiasi gani katika mfuko wa pamoja, kisha mfuko ukaongezwa maradufu na kugawanywa sawa. Waorma waliutambua mchezo huo mara moja wakauita wa harambee, kama michango ya kujenga shule, na kwa wastani walitoa asilimia 58 ya walichopewa, baadhi yao wakitoa chote. Mtafiti alileta jaribio, nao wakalijibu wakiwa wachangaji wanaojulikana kijijini. Hojaji, yaani orodha ya maswali yaliyoandikwa, isingelionyesha hilo kwa urahisi.

Mwaka 2012 mapigano baina ya Wapokomo na Waorma yaliua watu wengi katika Tana Delta, zaidi ya 50 kati yao katika kijiji cha Riketa mwezi Agosti, na serikali ikaunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Grace Nzioka. Ushahidi mbele ya tume si mahojiano ya utafiti, kwa sababu anayesema anajua kwamba maneno yake yanaweza kumfikisha mtu mahakamani. Mtafiti anayeingia Garsen baada ya hapo angefanya vyema kulisogeza swali la kabila mwishoni, na kuanza kwa kuuliza mtu analima wapi, mifugo yake hupitia malka ipi, yaani njia ya kushukia mtoni kunywa maji, na ameoa au kuolewa kwa akina nani.