Chujio la matusi na lugha lisiyoijua

Chukua ujumbe wa kawaida, wa aina inayotumwa kila wiki katika makundi ya wazazi huku Kibamba, Dar es Salaam: "Fundi ameombwa kumaliza choo cha shule kabla ya Jumatatu. Akishindwa, tutakodi mwingine." Upitishe kwenye chujio la matusi la mtindo wa zamani, lile linalosaka herufi zilizofuatana bila kujali zimekaa wapi, kisha ulipe orodha fupi ya maneno ambayo mzazi hapendi kuyasikia kinywani mwa mwanawe. Ujumbe utatoka hivi: "Fundi ameo liza choo cha shule kabla ya Jumatatu. Akishindwa, tudi mwingine."

Mashine imemwona mbwa ndani ya "ameombwa". Imeliona tako ndani ya "tutakodi". Ilichokiona kwenye herufi nne za mwanzo za "kumaliza", gazeti hili haliwezi kukichapa, na msomaji ameshaelewa.

Vituko vya namna hii vina umri wa karibu miaka 30. Vilianza pale binadamu alipoamua kuikabidhi kompyuta kazi iliyokuwa ya mhariri, ya mzee wa baraza na ya shangazi mkali: kumwambia mtu kwamba hayo hapa hayasemwi.

Mji uliokosa jina

Kisa kinachotajwa zaidi ni cha mwaka 1996. AOL ya Marekani, wakati huo moja ya kampuni kubwa za kuwaunganisha watu na intaneti, iliweka chujio kwenye fomu ya kufungulia akaunti. Wakazi wa Scunthorpe, mji wa viwanda vya chuma huko Lincolnshire, Uingereza, wakashindwa kujisajili kwa sababu ndani ya jina la mji wao limejificha tusi zito la Kiingereza. Kwa muda, AOL ikawa inauita mji huo Sconthorpe ili fomu ipite. Mpaka leo wanaoandika programu huliita kosa hilo "tatizo la Scunthorpe".

Miaka 12 baadaye, chombo kimoja cha habari cha Kikristo nchini Marekani kilikuwa kimeiagiza programu yake ibadilishe neno "gay" kila linapojitokeza na kuweka "homosexual". Mwanariadha Tyson Gay aliposhinda mbio za mita 100 katika mchujo wa Olimpiki wa mwaka 2008, habari ikatoka ikimwita Tyson Homosexual.

Dawa waliyoipata wenye Kiingereza ilikuwa nyepesi. Mashine iache kusaka herufi popote, itafute neno zima lenye nafasi kabla na baada yake. Kwa lugha ambayo maneno yake mengi husimama peke yake, dawa hiyo ilipunguza maumivu.

Kwetu haikufaa, kwa sababu neno la Kiswahili husafiri na jamaa zake. Ukiiambia mashine izuie "mjinga" tu, watapita wajinga, yatapita majinga, utapita ujinga na maneno yote ya kijinga. Mbwa akigeuzwa jibwa, hata herufi zake hazifanani tena na zilizo kwenye orodha. Ukiamua kuilegeza ili inase kila umbo, unarudi palepale kwenye "ameombwa", na nyuma yake wamepanga foleni kupambwa, kuimbwa na kuumbwa. Mwanafunzi anayeuliza habari za elimu ya falaki naye anakamatwa kwa kosa la fala. Fundo lenyewe liko hapo: sarufi yetu imeitoa maana ile dawa iliyowatosha wengine.

Zama za kubaniwa

Watanzania walianza kuandika Kiswahili mtandaoni kabla ya kufikiwa na mashine hizo. Mwaka 2004 Ndesanjo Macha alifungua blogu ya Jikomboe. Septemba 2005 Issa Michuzi, mpiga picha wa Daily News, alianzisha ya kwake. Mwaka 2006 Maxence Melo na Mike Mushi wakaanzisha Jambo Forums, ambayo baadaye iliitwa JamiiForums.

Kwa Michuzi, chujio alikuwa Michuzi mwenyewe. Maoni yalimfikia kwanza, akayasoma, akaamua yapande au yaishie hapo. Wasomaji, waliokuwa wakimwita Ankal, walizoea kumsihi asiwabanie. Kubaniwa kuliuma, lakini aliyekubania alikuwa anajulikana. Ungeweza kumlalamikia, kumtania, kumwandikia tena kwa maneno ya adabu. JamiiForums ilipopanuka, wasimamizi wake wakawa wengi, na watumiaji wakawa na msemo wao wa kulimwa ban. Hapo pia aliyefuta alikuwa mtu anayejua Kiswahili: anajua lini "mshenzi wewe" ni utani wa watani wa jadi na lini ni ugomvi.

Hali ilibadilika watu walipohamia kwenye mitandao ya kampuni za nje. Septemba 2016 Instagram iliwapa watumiaji wote uwezo wa kujiandikia orodha ya maneno wasiyotaka kuyaona kwenye maoni. Juni 2017 ikaongeza chujio linalojiendesha, lililofundishwa kutambua maoni ya kuudhi, likianza na Kiingereza. Wakati huo timu za mashabiki wa Bongo Fleva zilikuwa zikirushiana maneno kutwa kucha kwa Kiswahili cha Kinondoni na Temeke. Msanii aliyetukanwa kwa Kiingereza alikuwa na mlinzi. Aliyetukanwa kwa Kiswahili alijilinda mwenyewe, neno kwa neno.

Serikali yadai chujio

Sheria ya Makosa ya Mtandao ilipitishwa na Bunge Aprili 2015 na kuanza kutumika Septemba mwaka huohuo. Hiyo ilimlenga mtu aliyeandika. Machi 2018 zikaja Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni, ambazo zilimgeukia mwenye ukumbi. Mwenye blogu au televisheni ya mtandaoni alitakiwa awe na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, na gharama za kuanzia zilifika shilingi milioni 2.1: laki moja ya maombi, milioni ya leseni na milioni ya ada ya mwaka. Miongoni mwa yaliyokatazwa ni lugha mbaya na maneno ya kukashifu. Adhabu ilianzia faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi 12. Juni mwaka huo JamiiForums ilifunga milango kwa muda.

Ndani ya kanuni hizo mlikuwa na sharti ambalo halikuzungumzwa sana: mtoa maudhui atumie zana za kuchuja yaliyokatazwa. Kanuni mpya za Julai 2020 zikabana zaidi, na muda wa kuchukua hatua baada ya kuarifiwa ukapunguzwa kutoka saa 12 hadi saa mbili.

Kijana mwenye kamera moja na kompyuta moja Kibamba angeipata wapi zana hiyo? Kampuni tajiri kuliko zote duniani zilikuwa bado hazijatengeneza chujio la Kiswahili la kuaminika. Alibakiwa na mambo mawili: afunge kabisa sehemu ya maoni, au akae usiku aandike orodha yake ya matusi, halafu azuie kila anayetaka "kumaliza" jambo.

Mwaka ule wa 2018 ulionyesha kwamba hata binadamu hujikwaa kwenye herufi. Novemba 2018 Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, liliufungia wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz. Wimbo ulichezea jina la Nyegezi, eneo la jijini Mwanza lenye stendi kubwa ya mabasi, ambalo herufi zake tano za mwanzo ni neno la ashiki. Wasanii walikusudia mchezo huo, na BASATA ililijua hilo. Mashine isingejua: ingemzuia msanii pamoja na abiria anayeulizia basi la kushukia Nyegezi. Miezi miwili kabla, nchini Uganda, Waziri wa Maadili Simon Lokodo alilipiga marufuku tamasha la Nyege Nyege la Jinja, kisha akalegeza. Waandaaji walisema kwa Kiganda jina hilo ni hamu ya ghafla ya kucheza ngoma. Herufi zilezile upande huu wa ziwa zina tafsiri nyingine.

Tusi lisilo na neno chafu

Hata tukipata orodha kamili, Mswahili hahitaji neno chafu ili kutukana. Miaka ya 1990, waimbaji wa taarabu Khadija Kopa wa kundi la TOT na Nasma Khamis wa kundi la Muungano walipokuwa wakipashana majukwaani Dar es Salaam, ukumbi mzima ulijua nani kapigwa na wapi pameuma, na katika mashairi hayo huwezi kuokota neno la kufuta. Kanga hufanya kazi hiyohiyo kwa mstari mmoja.

Kenya imeliona hilo kwa gharama ya damu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ujumbe wa chuki ulisambaa kwa simu, na serikali ikafikiria kuzima huduma ya SMS. Michael Joseph, mkuu wa Safaricom wakati huo, aliishawishi itumike kupeleka wito wa amani kwa wateja badala yake. Kwenye uchaguzi wa 2013 mitambo ya kampuni za simu ilikuwa ikichuja. Bitange Ndemo, Katibu Mkuu wa Wizara ya Habari, alinukuliwa akisema ujumbe kama 300,000 ulizuiwa kwa siku.

Aprili 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano ya Kenya, NCIC, ilitangaza orodha ya maneno ya kuangaliwa. Humo mlikuwa na madoadoa, kwekwe na mende. Yote ni maneno safi ya kamusi. Madoadoa yalitumika Bonde la Ufa kuwataja wasio wenyeji. Mende ndilo jina ambalo redio ya RTLM ya Rwanda iliwaitia Watutsi, kwa Kinyarwanda, kabla na wakati wa mauaji ya mwaka 1994.

Sasa simama kituoni Kibamba, kandokando ya Barabara ya Morogoro, asubuhi yoyote. Muuza dawa anapita na kipaza sauti kilichorekodiwa, kinarudia bila kuchoka: dawa ya mende, dawa ya kunguni, dawa ya panya. Anasema waziwazi kwamba bidhaa yake inaua mende wote ndani ya nyumba. Sentensi hiyohiyo, imeandikwa na mtu mwingine siku ya kuhesabu kura, inaweza kuwa uchochezi. Anayeweza kuzitofautisha ni yule anayejua nani anasema, anamwambia nani na kumetokea nini jana yake.

Kampuni kubwa zilishindwa mtihani huo hadharani. Julai 2022, kabla ya uchaguzi wa Kenya, mashirika ya Global Witness na Foxglove yaliipelekea Facebook matangazo ya majaribio yenye uchochezi halisi, kwa Kiingereza na Kiswahili, bila kukusudia kuyachapisha. Ya Kiswahili yalikubaliwa. Ya Kiingereza yalirudishwa kwanza kwa sababu ya sarufi na lugha chafu; yalipofanyiwa marekebisho madogo, nayo yakapita. Chujio lilitaka uchochezi uandikwe kwa adabu.

Kazi yarudi kwa watu

Nyuma ya mashine hizo siku zote walikuwapo watu. Kuanzia 2019 kampuni ya Sama iliajiri vijana jijini Nairobi kuisomea Facebook matusi, vitisho na picha za mauaji kutoka nchi nyingi na kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Mei 2022 Daniel Motaung, raia wa Afrika Kusini aliyeifanya kazi hiyo, alifungua kesi Nairobi kuhusu mazingira yake. Mwaka uliofuata wenzake zaidi ya 180 nao wakaenda mahakamani.

Huku mitaani, WhatsApp imefunga ujumbe kwa usimbaji tangu 2016, hivyo kampuni yenyewe haisomi yanayoandikwa kwenye kundi la vikoba. Mwaka 2022 ilimpa msimamizi wa kundi uwezo wa kufuta ujumbe wa mwanakundi yeyote. Ankal amerudi, safari hii kwa maelfu: mwenyekiti wa kundi la mtaa, mwalimu wa darasa, mweka hazina wa msiba.

Utafiti nao unasogea. Mwaka 2025 wanazuoni wa Afrika walitoa AfriHate, mkusanyo wa maandishi ya chuki na matusi katika lugha 15 za bara hili, Kiswahili kikiwemo, uliochambuliwa na wasemaji wenyewe. Mashine ikifundishwa kwa sentensi nzima, siyo orodha ya maneno, inaanza kujua kwamba fundi aliyeombwa hajatukanwa.

Mpaka hapo itakapojua vya kutosha, kanuni zinazomdai mtoa maudhui mdogo chujio zinapaswa kujibu maswali mawili: nani anagharamia chujio hilo la Kiswahili, na aliyefutiwa maneno yake kwa makosa apeleke wapi malalamiko. Msomaji wa Michuzi wa mwaka 2005 alikuwa na jibu la swali la pili. Wa leo anapewa nyota nne mahali pa neno lake na hana wa kumuuliza.