Sonona na uraibu wa pombe

Sonona na uraibu wa pombe ni magonjwa mawili yanayochocheana. Mwenye huzuni nzito hunywa apate usingizi, lakini pombe huvuruga usingizi huo na kuupunguzia ubongo uwezo wa kutuliza hisia, hata asubuhi huzuni ikarudi na nguvu zaidi. Mkoani Singida, ambako Wanyaturu na Wanyiramba hulima mtama na uwele, pombe ya nafaka ina heshima yake katika ngoma na harusi, na pengine ndiyo sababu anayekunywa peke yake kila siku huitwa mlevi kabla mtu hajamuuliza anaumwa nini. Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku pombe ya viroba, yaani pombe kali ya vifuko vya plastiki, mwaka 2017. Sonona haikuguswa na katazo hilo.

Mara nyingi huzuni iliyoletwa na pombe hupungua baada ya wiki tatu au nne za kuacha kunywa; isipopungua, hutibiwa kwa ushauri nasaha na dawa. Mraibu wa miaka mingi asiachishwe ghafla nyumbani: anaweza kupata degedege na kufa. Wagonjwa wenye hali nzito hupelekwa Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, mkoa jirani wa Dodoma.