Hesabu ya maradhi kwenye njia panda ya Niania

Barabara ya kutoka Kisangani ikifika Niania hugawanyika: moja huendelea kwenda Mambasa, Komanda na Bunia, nyingine hupanda kuelekea Isiro. Mahali pa namna hii hesabu ya maradhi si jambo la darasani, kwa sababu kinachohesabiwa ni kukutana kwa watu: nani alipanda lori na nani, nani alimuuguza nani, nani aliosha maiti ya nani. Aliyefungua njia ya hesabu hizo ni Ronald Ross, yule aliyekuta vimelea vya malaria ndani ya mbu huko India mwaka 1897. Wapinzani walimwambia mbu hawamaliziki. Katika ripoti yake ya Mauritius ya 1908, na kitabu cha 1911, alijibu kwa hesabu: si lazima waishe, wakipungua chini ya kiwango fulani malaria hufifia. Mwaka 1927 Kermack na McKendrick, huko Scotland, walionyesha kwamba mlipuko huweza kukoma hata kama wapo watu wengi ambao hawajaugua. Jambo ni lile lile: kila mgonjwa akiambukiza, kwa wastani, chini ya mtu mmoja, ugonjwa unakatika.

Kongo iliingia katika historia hii kwa msiba wa Kikwit wa 1995, wagonjwa 315 wa Ebola, takriban wanane kati ya kila kumi wakafa. Mwaka 2004 Gerardo Chowell na wenzake walikadiria kwamba pale mwanzoni kila mgonjwa wa Kikwit aliambukiza, kwa wastani, watu 1.83, na wa Gulu, Uganda, mwaka 2000, watu 1.34. Wakaonyesha pia kwamba kuchelewa wiki mbili kuchukua hatua kungeongeza ukubwa wa mlipuko karibu mara mbili. Miaka mitatu baadaye kundi la Judith Legrand lilitenganisha maambukizi ya nyumbani, hospitalini na mazishini, likapata 2.7 kwa miji yote miwili. Msomaji ana haki ya kuuliza: tumwamini nani? Nadhani swali hilo linaegemea sana namba na kusahau mahali ilipotoka. Kundi la pili liliona kwamba Kikwit ilichomwa zaidi na mazishi, na Gulu na maisha ya kawaida ya jamii. Kwa mwuguzi, hilo lina uzito kuliko desimali.

Pingamizi kubwa zaidi dhidi ya hesabu hizi ni la 2014, wataalamu wa Marekani walipotaja wagonjwa milioni 1.4 nchini Liberia na Sierra Leone ifikapo Januari 2015. Afrika Magharibi yote iliishia na takriban 28,600. Lakini walisema: kama hali haitabadilika. Ilibadilika. Kosa lao halisi ni kutowahesabia wanavijiji uwezo wa kubadili mazishi na kutenga wagonjwa wao wenyewe, na kosa hilo si dogo.

Ndipo ukaja mlipuko wa Kivu Kaskazini na Ituri, Agosti 2018 hadi Juni 2020: wagonjwa 3,470, waliokufa 2,287, maeneo ya Mandima na Mambasa yakiwamo. Walichanjwa watu zaidi ya 300,000, kwanza waliomkaribia mgonjwa, kisha waliowakaribia hao. Wengine husema vita viliharibu takwimu, hivyo hesabu haikufaa. Mimi naona kinyume: kila mgonjwa mpya ambaye jina lake halikuwa kwenye orodha ya waliofuatiliwa kwa kumkaribia mgonjwa alithibitisha kwamba kuna mnyororo usioonekana, na wafuatiliaji wakajua warudi kwa nani kuuliza.