Akiba Isiyotazamwa

Wahenga walituachia methali isemayo akiba haiozi. Ni methali nzuri kwa kumfundisha mtoto kutunza senti zake, lakini mtu aliyewahi kufungua banda lililofungwa miaka mingi anajua kuwa ina upungufu. Akiba huoza. Mahindi huliwa na fukusi, nguo huliwa na nondo, chuma huliwa na kutu. Vitu visivyooza ni vichache sana, na sisi wa Shinyanga na Geita tumezaliwa juu ya viwili kati ya hivyo, yaani dhahabu na almasi. Katika kurasa hizi nataka kueleza habari za kitu cha kuoza kabisa: karavani, nyumba ndogo ya magurudumu inayokokotwa na gari, iliyokaa katika banda la marehemu baba yangu huko Shinyanga tangu mwaka 1966 hadi 2018, tulipoitoa.

Neno lenyewe limesafiri mbali. Lilitoka kwa Waajemi, ambao kwao lilikuwa na maana ya msafara wa watu na wanyama waendao pamoja kwa usalama. Wazungu walilichukua kwa maana hiyohiyo, na misafara ya kwetu waliiita kwa jina hilo. Katika karne ya 19 Wanyamwezi na Wasukuma ndio waliokuwa mabingwa wa kazi ya upagazi, wakibeba pembe za ndovu hadi pwani na kurudi na nguo, shanga na nyaya. John Hanning Speke, aliyetoka Kaze, karibu na Tabora ya leo, akapita Usukuma na kuliona ziwa tarehe 3 Agosti 1858, hakubeba hema lake wala kitanda chake. Vilibebwa na watu.

Reli ilipofika Mwanza mwaka 1928, na malori yalipoanza kupita katika njia za mbuga, nyumba ya mgeni ilishuka mabegani mwa wapagazi ikawekewa magurudumu. Lakini msomaji asidhani kuwa magurudumu yaliwaondoa watu. Nyuma ya karavani ya mtafiti wa madini kulikuwa na dereva, mpishi, vijana wa kuchota maji na wachimbaji wa mashimo ya majaribio. Mtafiti alilala ndani, wao walilala nje. Asubuhi wao ndio walioshuka mashimoni na kupepeta changarawe, wakitafuta vijiwe vyekundu vya ganeti ambavyo mara nyingi hufuatana na almasi.

Kulikuwa na sababu ya watafiti hao kujaa katika nchi yetu. Mwaka 1934 Marekani ilipandisha bei ya dhahabu hadi dola 35 kwa wakia, na mgodi wa Geita ukaanza kuzalisha miaka michache baadaye. Kisha mwaka 1940 mjiolojia Mkanada, John Thorburn Williamson, aligundua huko Mwadui mwamba wa kimbalaiti ambao ni miongoni mwa machimbuko makubwa kabisa ya almasi duniani. Mwezi wa Oktoba 1947 ikapatikana hapo almasi ya rangi ya waridi yenye uzito wa karati 54.5. Williamson aliitoa zawadi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, aliyeolewa mwaka huohuo. Ilipokatwa ikabaki karati 23.6, ikawekwa katikati ya pambo la kifuani lenye umbo la ua. Williamson alifariki Januari 1958, na Malkia alifariki mwaka 2022. Jiwe halijapungua hata chembe.

Baba yangu alikuwa dereva wa lori katika kundi moja la utafiti kuanzia katikati ya miaka ya 1950. Alikokota karavani hiyo Kahama, Maganzo, Nzega hadi upande wa Geita, kila kiangazi, kwa kuwa masika mbuga zetu za udongo mweusi hazipitiki. Mwaka 1966 mgodi wa Geita ulifungwa. Gharama zilikuwa zimepanda miaka yote hiyo, huku bei ya dhahabu ikiwa imefungwa palepale kwenye dola 35. Kazi za utafiti nazo zikapungua. Mtafiti wa baba akafunga mizigo, akamwachia mzee karavani, akasema atarudi kuichukua. Hakurudi.

Mzee aliipokea kama amana. Aliinua karavani kwa jeki, akaiegemeza juu ya mawe, akavua magurudumu. Akafungua vikombe vya beringi, akavijaza grisi, akavifunga kwa vipande vya turubai. Kila kiangazi alifungua mlango, akafagia, akamwaga oili chafu kuzunguka mawe ili mchwa wasipande. Sisi watoto tulikatazwa kucheza humo. Tukimuuliza sababu, alijibu kwa maneno mawili tu: "Ya mtu."

Nilipokuwa mwalimu nilikuwa nikiwasimulia wanafunzi habari za meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika, na kila mara nilimkumbuka mzee. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikasafirishwa katika masanduku yapatayo 5,000 hadi Dar es Salaam, na kutoka hapo kwa reli hadi Kigoma. Ilishushwa majini Februari 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Mwezi wa Julai 1916 Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma waliizamisha wenyewe, lakini mafundi wake walizipaka injini grisi nzito kwanza. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 walikuta injini bado zinafaa, na mwaka 1927 meli ikaanza safari kwa jina jipya. Kilichoiokoa ni nia ya mtu aliyeizamisha akitumaini kurudi. Ziwa lenyewe halikujali lolote.

Baba aliugua mwaka 1996, na tangu hapo hakuna aliyemwaga oili. Alifariki miaka michache baadaye. Sisi tulitawanyika kikazi, banda likajifunga lenyewe: mwarobaini uliota mbele ya mlango, ukanenepa hadi mlango haukufunguka tena. Mwaka 2018, baada ya kustaafu, nilirudi nyumbani. Kaka yangu mkubwa alikuwa amekwisha kuzungumza na mnunuzi wa chuma chakavu. Nyumba ya familia ilihitaji bati, na alumini ina bei nzuri kwa kilo.

Sikuweza kumlaumu. Hoja yake ilikuwa na uzito. "Mdogo wangu," aliniambia, "baba alimlindia Mzungu kitu chake miaka thelathini bila senti moja. Mzungu hakuandika hata barua. Sasa na sisi tuendelee kumlindia?" Nilimwomba anipe muda hadi masika, nikamwita fundi.

Hatukuukata mwarobaini. Tulibomoa ukuta wa nyuma. Karavani ilipoonekana mwangani, ilijieleza yenyewe kama kitabu chenye sura mbili. Sehemu alizozihudumia mzee zilikuwa nzima. Fundi aligonga vikombe vya beringi, akavilainisha kwa mafuta ya taa, na ndani tukakuta grisi imekauka kama nta, lakini chini yake chuma kinang'aa. Ekseli ilikuwa nzuri, na springi mbili kati ya nne zilifaa. Lakini kuanzia magotini kwenda juu palikuwa na msiba. Mchwa walikuwa wamejenga vijia vya udongo juu ya mawe, wakaingia sakafuni, wakala mbao za fremu kutoka ndani, wakaacha rangi tu imesimama. Kona ya nyuma, paa lilipokuwa limetoboka, mbao zilikuwa unga. Bati za alumini zilikuwa zimeliwa kuzunguka kila skrubu ya chuma, kwa kuwa metali mbili tofauti zikikutana penye unyevu, moja humla mwenziwe. Kama mvua ya Shinyanga isingekuwa haba, tusingekuta kitu.

Kazi ilichukua miezi minne. Tulibadili sakafu yote na fremu ya kona, kwa mbao za mninga. Bati zilizochakaa tulimuuzia yule mnunuzi wa chuma chakavu, na fedha zake zikanunua matairi. Tuliziba paa, tukapiga ribiti za alumini badala ya skrubu za chuma.

Siku moja fundi alikuwa akipiga msasa makabati ya jikoni. Akaniita: "Mwalimu, hebu njoo utazame hapa kabla sijapafuta." Ndani ya mlango wa kabati la chini, lile la kuwekea masufuria, palikuwa na mistari midogo ya penseli, imepangwa mitanomitano. Nilihesabu. Safu ya kwanza ilikuwa na mistari 30, kisha imepigwa mstari wa kufunga. Ya pili 30. Ya tatu 30. Ya nne ilikuwa na mistari 19, ikaishia hapo.

Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa bado hai. Nilimwendea, nikamwamkia, nikamweleza nilichokiona. Hakuhitaji kufikiri. "Hicho ni kipande," alisema. Vijana wa leo huenda hawalijui neno hili kwa maana hiyo. Katika Tanganyika ya wakoloni kibarua alipewa kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi. Kila siku aliyofanya kazi iliwekewa alama, na kipande kilipojaa ndipo alipolipwa. Siku aliyoumwa haikuhesabiwa, hivyo siku 30 za kazi zilikuwa zaidi ya mwezi. Manamba wa mkonge, wengi wao wakiwa Wasukuma na Wanyamwezi waliokwenda Tanga na Morogoro, waliishi kwa hesabu hiyo. Kadi ilikuwa mkononi mwa mtu, lakini alama ziliwekwa na mwajiri. Ndiyo maana, alisema shangazi, mwenye akili alikuwa na hesabu yake pembeni.

Mtu wa kabati la masufuria angekuwa nani ila mpishi, au kijana wa mpishi? Alihesabu siku zake mahali ambapo bwana wake hakuwa na sababu ya kuinama. Na zile siku 19 za mwisho, kwa desturi ya kipande, zilikuwa siku alizozifanyia kazi na ambazo malipo yake yalikuwa bado hayajaiva.

Nilimwita kaka aje aone. Alipiga magoti, akapitisha kidole kwenye safu ya mwisho, akihesabu kwa sauti ya chini. "Kumi na tisa," akasema, akabaki kimya. Baadaye, tukinywa maji chini ya mwarobaini, akaniambia tumwambie fundi asiuguse mlango ule. Tangu siku hiyo hatukuzungumza tena habari za kuiuza karavani, ingawa bati za nyumba tulizinunua kwa taabu, kidogokidogo, kwa miaka miwili.

Nimefikiri sana juu ya jambo hili. Tulidhani tunabishana juu ya mali ya mgeni. Kumbe ndani ya mali ya mgeni mtu wetu alikuwa ameweka yake. Na ndivyo ilivyo historia ya nchi yetu ya madini. Dhahabu ya Geita ilikaa ardhini miaka 34 baada ya mgodi kufungwa, bila kupakwa grisi na mtu. Bei ilipofunguliwa baada ya mwaka 1971, na mbinu za kuchimba mawe yenye dhahabu kidogo zilipopatikana, wenye mitaji walirudi na mwaka 2000 mgodi mkubwa ukazinduliwa. Dhahabu ilikuwa palepale, haina kutu. Visivyooza vina watu wengi wa kuvifuata, kutoka pande zote za dunia. Lakini mistari ya penseli ina adui msasa, mchwa na mvua, na haina mtu wa kuifuata isipokuwa sisi.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu wa Shinyanga, Kahama na Geita: fungueni masanduku ya wazee kabla ya msiba, si baada yake. Zimo humo kadi za kipande, stakabadhi za pamba, picha za kambini, barua za kutoka mashamba ya mkonge. Waulizeni wenyewe wangali na sauti. Shangazi alifariki mwaka uliofuata, na kama kabati lile lingefunguliwa baada yake, ningeona mistari tu.

Karavani sasa iko kando ya barabara, upande wa Maganzo. Mpwa wangu anauza humo chai, chapati na supu, na wateja wake wengi ni vijana wachimbaji wadogo wanaorudi na vumbi hadi kwenye kope. Masufuria yake huyaweka katika lile kabati la chini. Baadhi ya wateja wanaokopa huandikwa kwa mistari kwenye daftari lake, naye akanieleza kuwa kijana mmoja, alipoonyeshwa mlango wa kabati, aliuliza kama yule mtu alilipwa zile kumi na tisa. Kila kiangazi kinapoingia mpwa wangu huinua zulia, hukagua sakafu kwa ncha ya kisu, kisha humwaga oili chafu kuzunguka magurudumu, kama babu yake alivyokuwa akifanya.