Njia ya Miguu ya Bunkeya

Kabla Elisabethville, Lubumbashi ya leo, haijaasisiwa mwaka 1910, Lukafu palikuwa kituo cha utawala wa Katanga, na msafiri hakuwa na kipando ila miguu yake. Bunkeya, mji mwingine wa Katanga, iliasisiwa na Wayeke waliotoka Unyamwezi, na mahamali wakapita njia yake wamebeba pembe na misalaba ya shaba, mti wa mzigo ukiwaachia sugu mabegani. Stairs, kiongozi wa msafara wa kikoloni aliyeondoka pwani Julai 1891, alitembea miezi mitano hadi Bunkeya. Na tarehe 20 Desemba afisa wake, Kapteni Bodson, akampiga risasi na kumuua Mwami Msiri, mfalme wa Wayeke; Bodson naye akajeruhiwa, akafa. Msiba wa Msiri ungali mzito: hata leo, kila tarehe hiyo, Wayeke huzuru Bunkeya kumkumbuka mfalme wao, ziara ambayo mimi naiona aali kuliko sanamu yoyote. Nayo misalaba ya shaba kama ile waliyobeba mahamali imehifadhiwa katika makumbusho ya Lubumbashi.