Kupiga Windows Kariakoo: Kutoka CD hadi Faili la Mtandaoni

Kazi ya kurudisha mfumo endeshi wa kompyuta ilichelewa kufika Kariakoo, Dar es Salaam, na chanzo kimojawapo kilikuwa uamuzi wa serikali. Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya mradi wa hesabu za serikali kuleta hasara, uingizaji wa kompyuta ulipigwa marufuku. Mwaka uliofuata likafunguliwa jengo la soko la Kariakoo lililobuniwa na msanifu Beda Amuli, katika nchi ambayo fundi wa mtaani hakuwa na kompyuta ya kutengeneza. Marufuku ililegezwa polepole, na biashara ilipofunguliwa miaka ya 1990 mashine zikaanza kuingia, nyingi zikiwa zimeshatumika ng'ambo.

Baada ya Windows XP kutoka mwaka 2001, kazi iliyozoeleka zaidi ilikuwa kupiga Windows: diski inafutwa, mfumo unawekwa upya kutoka kwenye CD. Mwenye CD nzima isiyo na mikwaruzo ndiye aliyekuwa na kazi. Nakala nyingi zilichomwa bila leseni, na madhara yake yalikuwa makubwa kuliko wateja walivyodhani, kwa kuwa mfumo usiopokea marekebisho ya usalama ulirudi kwa fundi ukiwa umejaa virusi.

Kupakua mfumo huo mtandaoni hakukuwa njia ya maana. CD ya XP ilibeba takriban megabaiti 600. Kwa laini ya simu ya kilobiti 56 kwa sekunde, faili la ukubwa huo lingehitaji saa 24 hivi bila laini kukatika hata mara moja. Intaneti ya nchi ilitegemea setilaiti, nayo ilikuwa ghali. Mabadiliko yalikuja Julai 2009, mkongo wa baharini wa SEACOM ulipoanza kazi Dar es Salaam, ukifuatiwa na EASSy mwaka 2010. Hakuna kompyuta mpya iliyoigeuza kazi ya fundi kama mikongo hiyo. Thamani ya CD ikashuka. Faili likapakuliwa, likawekwa kwenye flashi na kutumika kwa mashine nyingi.

Simu nazo zilifuata njia hiyo. Fundi wa kuflashi, yaani kuweka upya mfumo wa simu, alihitaji faili la toleo hasa la simu iliyo mbele yake, kwani la toleo jingine lingeweza kuizima kabisa. Sheria ya mawasiliano ya kielektroniki ya mwaka 2010 iliweka mpaka muhimu: kurudisha mfumo ni matengenezo, kubadili namba ya utambulisho ya simu ni kosa. Uzito wa namba hiyo ulionekana tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilipozima simu bandia.

Kompyuta za Apple zenye chipu ya M1, zilizotoka Novemba 2020, zilileta utaratibu mkali zaidi. Mashine iliyogoma kuwaka huingizwa katika hali maalumu kwa mpangilio wa vitufe, huku ikiwa imeunganishwa kwa waya wa USB-C na Mac nyingine. Mac hiyo ndiyo inayopakua faili, ambalo huzidi gigabaiti 10, na kulisukuma ndani. Kabla mashine haijalikubali, lazima seva za Apple zilithibitishe. Kwa hiyo faili kuukuu lililohifadhiwa dukani huweza kukataliwa hata kama ni halisi. Fundi mwangalifu huanza na njia ya kuhuisha, ambayo hurekebisha programu za msingi na kwa kawaida huacha kazi za mteja salama. Njia ya pili hufuta kila kitu, na mteja anastahili kuelezwa hivyo kabla waya haujachomekwa.

Hata ufutaji huo hauondoi kufuli la akaunti ya mmiliki wa awali. Kompyuta ya mtumba iliyowahi kusajiliwa na kampuni ya ng'ambo inaweza kurejeshewa mfumo bila dosari, kisha ikaomba nywila ya watu ambao mnunuzi hawajui. Kufuli hilo hufunguliwa na mwenye akaunti, au na Apple yenyewe ikiridhika na ushahidi wa ununuzi, hivyo ukaguzi wake unapaswa kufanyika kabla pesa hazijatoka mfukoni.